Tyubu hii ni ya nani?

Glasieri ilifika Jumanne, saa nne na nusu asubuhi. Hivyo ndivyo nilivyoandika kwenye rejista. Usiku ilikuwa imevuka Ziwa Kivu kwa boti, alfajiri motari wetu akaipokea bandarini, akaifunga kwa mpira nyuma ya pikipiki, ikarukaruka juu ya mawe ya volkano hadi mlangoni pa labo yetu, hapa Goma. (Kwa wasomaji wa mbali: glasieri ni lile boksi la plastiki la kubebea barafu, motari ni yule ninyi mnayemwita bodaboda, na labo ni maabara.)

Nilipofungua kifuniko nikakuta barafu imeshakuwa maji, na juu ya maji vinaelea vikaratasi vyeupe kama maganda ya kitunguu kwenye beseni. Nikavihesabu: saba. Chini yake zimelala tyubu tisa zenye vifuniko vya zambarau, damu imo, safi kabisa, hazina jina. Mbili tu zilikuwa bado zimevaa etiketi zao. Ya kwanza ilisomeka «...ha», basi. Ya pili ilikuwa doa la bluu.

«Docta, iko sawa?» motari akaniuliza, kofia ya pikipiki bado kichwani. Kwetu kila aliyevaa bluzi nyeupe ni docta, hata mimi ambaye ni laborantini tu. Nilishaacha kusahihisha.

Haikuwa sawa. Fishi za wagonjwa, yaani kadi zao, zilikuwa kavu ndani ya mfuko wake, majina tisa kwa mwandiko mzuri wa kishule. Tyubu tisa zilikuwa mbele yangu. Kati ya karatasi na damu hapakuwa na kitu cha kuviunganisha. Mwenzangu mmoja akapendekeza tufuate mpangilio: tyubu ya kwanza kulia ni ya jina la kwanza kwenye orodha, na kuendelea. Nikamuuliza kama amewahi kulala ndani ya boti ya usiku ziwa likiwa na upepo. Tukazitupa zote. Tukapiga simu kule kituoni, watu tisa wakaitwa warudi kuchomwa sindano upya. Wakarudi sita.

Hao watatu wengine ndio sababu ya makala hii, na ya vibandiko vya redio nitakavyovieleza humu.

Kanuni ipo, na kila mtu wa labo anaijua: sampuli husafiri ndani ya vifungashio vitatu. Kwanza tyubu yenyewe. Pili, chombo kisichovuja, chenye pamba au karatasi ya kunyonya iwapo tyubu itapasuka. Tatu, boksi gumu la nje lenye alama ya UN3373. Barafu hukaa nje ya kile cha pili, haigusi tyubu. Siku ile kile cha pili hakikuwepo, kituo kilikuwa kimeishiwa, na muuguzi wa zamu akafanya ambalo hata mimi ningelifanya: akazika tyubu moja kwa moja kwenye barafu akaomba Mungu.

Watu wakizungumzia labo za huku kwetu huzungumzia mashine. Mashine tunazo, si haba. GeneXpert inapima makohozi ya kifua kikuu na kukupa jibu ndani ya saa mbili. Goma ina labo ya INRB, ile taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba ya profesa Muyembe, mtafiti wa Ebola, na hatuhitaji tena kupeleka kila tone Kinshasa. Lakini mashine hupima kile ulichoipa, haiulizi kimetoka kwa nani. Wataalamu wa fani yetu wamesema hili kwa miaka mingi: makosa mengi ya labo hayatokei ndani ya mashine. Hutokea kabla, kati ya mkono wa mgonjwa na mlango wa labo. Mwaka 2023, aina mpya ya mpox ilipozuka Kamituga, Kivu Kusini, na mwaka uliofuata, tarehe 14 Agosti 2024, WHO ilipoitangaza dharura ya dunia, yote yaliyosemwa juu ya virusi vile yalikuwa yamepitia kijiti cha pamba ndani ya tyubu, kikashuka barabara ya matope kutoka machimbo ya dhahabu. Na kila kijiti kilitegemea kikaratasi.

Si jambo jipya pia. Mwaka 1976 damu ya mtawa Mbelgiji aliyeugua Yambuku ilitoka Kinshasa ikaenda Antwerp ndani ya termosi, kwenye mzigo wa mkononi, ndege ya abiria ya kawaida. Ilipofunguliwa kule, barafu ilikuwa imeyeyuka na kichupa kimoja kati ya viwili kimevunjika. Kile kilichobaki kizima ndicho kilichosaidia kuvitambua virusi tunavyoviita Ebola. Karibu miaka hamsini imepita na mimi bado nafungua maboksi ya maji.

Jina lenyewe nalo ni tatizo hata likiwa kavu. Simama kwenye koridoo ya hospitali yoyote ya Goma uite «Mama Furaha», wageuke wanne. Furaha, Neema, Bahati, Riziki, Faida: wazazi wetu wana matumaini mengi na majina machache. Tarehe ya kuzaliwa? Wazee wengi kwenye fishi wamezaliwa tarehe 1 Januari. Namba ya simu? Ni ya shemeji, na shemeji yuko Walikale. Ndiyo maana tunaandika namba ya rejista kwenye tyubu, kwa kalamu ya makeri isiyotoka, kwenye mwili wa tyubu na kamwe si kwenye kifuniko. Vifuniko hubadilishana vichwa. Kopo la makohozi lililoandikwa kifunikoni ni kama mtoto aliyeandikwa jina kwenye kofia.

Na ile makeri isiyotoka, hutoka. Wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, kila kilichoingia labo kilioshwa kwa klorini ya 0.5%. Mgonjwa wa kwanza alipothibitishwa hapa mjini, Julai 2019, hata noti za franka zilinuka klorini. Klorini huua virusi, na hula wino vilevile. Alkoholi nayo haina huruma na makeri. Halafu kuna jasho la tyubu: chupa ya baridi ikitolewa kwenye hewa ya moto inalowa, karatasi inavimba, gundi inaachia. Unaweza kulaumu uzembe. Mimi nalaumu maji kwanza.

Mwaka jana niliuza vibandiko hamsini. Ngojeni nieleze: kwa Kiswahili cha Goma «kuuza» ni kutoa pesa upewe kitu, na «kuuzisha» ndiyo kutoa kitu upewe pesa. Ndugu wa Dar na Mombasa mnisamehe, ndivyo tulivyo. Niliviuza, basi, kupitia jamaa aliyekuwa Kigali, vikavuka mpaka ndani ya bahasha ya kawaida, kwa sababu vyote hamsini havikufikia unene wa daftari la shule.

Kila kimoja ni ukanda wa plastiki mwembamba, urefu milimita 45, upana 15, nyuma una gundi. Ukiuinua kwenye mwanga unaona mstari wa alumini uliozungushwa mara kadhaa kama njia ya konokono, na penye mwisho wa mstari pana nukta nyeusi ndogo kuliko punje ya ulezi. Mstari ni antena. Nukta ni chipu. Betri hakuna. Wenyewe huviita RFID, yaani kutambua kitu kwa mawimbi ya redio.

Mtu akiniuliza kinafanyaje kazi bila betri, namwonyesha kizibao cha motari, kile chenye mikanda inayong'aa. Usiku kizibao hakina taa wala kiberiti, lakini ukikimulika kinakujibu. Mwanga ni wako, unakurudia. Sasa mfikirie motari anayefunika mkanda ule kwa kiganja na kuufunua, kufunika na kufunua, kwa mpango mliopatana. Ameshakutumia ujumbe kwa taa yako mwenyewe. Kisomaji kinatoa mawimbi, antena inavuna humo nguvu kidogo, chipu inaamka na kujibu kwa kufunika na kufunua hivyo hivyo, maelfu ya mara kwa sekunde. Jibu lake ni namba, na namba ile haina pacha.

(Babu wa kitu hiki alikuwa jasusi. Mwaka 1945 watoto wa Kisovieti walimpa balozi wa Marekani mjini Moscow nembo ya nchi yake iliyochongwa kwa mti. Akaitundika ukutani katika makazi yake. Ndani yake mlikuwa na kifaa alichokibuni mvumbuzi wa Kisovieti, Léon Theremin, kisicho na betri wala waya, kilichosikiliza mazungumzo kila kilipomulikwa kwa mawimbi kutoka nje. Kilining'inia pale hadi 1952. Kila nikibandika kibandiko kwenye tyubu ya makohozi namkumbuka yule balozi.)

Jaribio la kwanza nililifanya nyumbani, juu ya meza ya kulia chakula, watoto wamenizunguka. Nilijaza tyubu kumi kwa maji na kijiko cha chumvi, maana damu nayo ni maji ya chumvi yenye mambo mengi. Simu yangu haina NFC, yaani uwezo wa kusoma vibandiko kwa kugusisha, kama zilivyo simu nyingi za bei yetu, nikaazima ya shemeji. NFC na vibandiko vyangu vyote viko kwenye masafa yaleyale, megahezi 13.56, kwa hiyo simu yenyewe ndiyo inakuwa kisomaji, hakuna mashine nyingine ya kununua.

Kibandiko cha kwanza nilikizungusha tyubu kama pete. Tyubu zetu zina kipenyo cha milimita 13, ukanda ukazunguka wote, ncha zikagusana. Simu kimya. Nikaigeuza, nikaisogeza, nikaigonga kidogo kama redio ya zamani. Kimya. Nikabandua, nikabandika kingine kwa urefu wa tyubu, kikajipinda chini ya nusu mzunguko. Simu ikatikisika, namba ikatokea. Mtoto wa mwisho akapiga makofi.

Hapo ndipo nilipoielewa shida ambayo mainjinia wanaishughulikia wanapotengeneza vibandiko vinavyopinda. Antena ya aina hii ni pete ya waya inayohitaji uwanja wa sumaku upite katikati yake. Ukiikunja kuwa bomba, ile pete haielekei popote, na masafa iliyotegeshwa kwayo yanahama kidogo, kama gitaa lililoachwa juani. Kisha kuna pale antena inapokutana na chipu. Plastiki inapinda, alumini inapinda, chipu ya silikoni haipindi, ni kijiwe. Kila ukikunja, mvutano wote unakwenda kwenye kiungo kile cha gundi chembamba kuliko unywele, na ndicho kinachokatika kwanza. Ndiyo maana wengine huweka chipu mahali ambapo mkunjo haufiki, wengine huchapa antena kwa wino wenye chembe za fedha badala ya kutumia alumini, wengine huacha karatasi na kutumia polimaidi, plastiki ya rangi ya asali isiyoogopa joto la kusafishia vyombo. Kule Uingereza kampuni ya Pragmatic imefika mbali zaidi, imeiacha silikoni kabisa na kujenga saketi juu ya plastiki yenyewe, ili hata chipu iweze kupinda.

Rudi mezani kwangu. Tyubu tisa zilizobandikwa kwa urefu nilizitia kwenye glasieri ya maji na barafu usiku mzima. Asubuhi zote zilijibu, zikiwa zimelowa, ndani ya glavu. Nikazimiminia klorini. Zikajibu. Nikazipanga kwenye kishikizo cha chuma cha labo, kile cha zamani kilichopinda miguu: hakuna hata moja iliyosema neno. Chuma hulila lile wimbi. Nikazitoa moja moja, zikasema tena. Niliporudi labo niliziweka kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa miezi miwili. Viwili kati ya vibandiko tisa vikafa. Nilibandika kingine kwenye tyubu iliyokwisha ganda, kikadondoka kabla sijafunga mlango wa friza. Gundi haishiki theluji, lazima ubandike kabla ya baridi. Kwa friza za nyuzi 80 chini ya sifuri, kama zile zilizotunza chanjo ya Ebola, au nitrojeni ya maji ya nyuzi 196 chini, kuna vibandiko vyenye gundi yake maalumu, na bei yake pia ni maalumu.

Kuna ukoo mwingine wa vibandiko hivi, wa masafa ya juu zaidi, kati ya megahezi 860 na 960. Hao ndio wanaotajwa kwenye matangazo: unapita mlangoni na boksi la tyubu mia, kisomaji cha ukutani kinazisoma zote kwa pamoja kutoka mita kadhaa, huna haja ya kufungua. Nilipoona video yake nilimeza mate. Lakini wimbi la masafa yale likikutana na maji linamezwa, na tyubu ya damu ni maji. Mainjinia hutafuta njia, hutegesha antena upya wakijua itakaa juu ya kimiminika, na wengine wamefaulu. Mimi lakini ningechagua hawa wangu wa karibu hata kama wale wa mbali wangetolewa bure. Kwanza kwa sababu ya simu. Pili, labo yetu ni vyumba viwili na ukuta wa mbao. Kisomaji cha mita tano kingesoma na sampuli za chumba cha pili, zile ambazo hatujazipokea na zile tunazosubiri kuzichoma moto. Nataka kitu kinachonilazimisha kuishika tyubu moja, kuisogeza kwenye simu, kuitazama.

Mnaweza kuuliza kwa nini tusitumie ile mistari myeusi na myeupe ya dukani. Tunaitumia inapopatikana, ni rahisi na ni nzuri. Ila mistari inataka kuonekana. Ikifunikwa na barafu au damu, ikikunjamana juu ya tyubu nyembamba, kisomaji kinahangaika. Redio haihitaji kuona. Mayo Clinic, kule Rochester, Minnesota, waliviweka vibandiko vya redio kwenye vichupa vya vinyama vinavyokatwa utumboni kwa uchunguzi, na makosa ya majina yakashuka sana. Na hao ni watu wenye umeme usiokatika.

Sasa nieleze kosa langu, la sivyo mtadhani mimi ni muuzishaji wa vibandiko.

Miaka mingi imepita, kwenye hospitali nisiyoitaja, nilikuwa zamu ya usiku. Wodi ya wazazi wakaniita: kina mama wawili wanatoka damu, waandaliwe damu ya kuongezwa. Majina yao yalifanana, la kwanza sawa, la pili sawa, la tatu tofauti kwa herufi mbili. Ili kuokoa muda nikaandika etiketi mbili nikiwa bado labo, nikazibandika kwenye tyubu tupu, nikazitia mfukoni mwa bluzi. Ni mwiko. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua: damu kwanza, jina baadaye, palepale kitandani, mgonjwa mwenyewe akikutamkia. Umeme ulikuwa umekatika. Tochi ya simu mdomoni, nikavuta damu ya mama wa kwanza, nikachomoa tyubu mfukoni. Nikaenda kitanda cha pili, nikavuta, nikachomoa nyingine. Nikarudi kupima makundi. Mmoja A, mwingine O. Mwandiko wangu ulikuwa safi. Etiketi kavu. Hakuna kilichoelea majini.

Aliyetuokoa ni muuguzi mmoja mzee, mama asiyeharakishwa na mtu, aliyekuja na fishi ya zamani mkononi. «Mutoto yangu,» akaniambia, «huyu mama alizalia hapahapa miaka miwili imepita. Alikuwa O. Wewe unasema A. Damu inageukaka?» Tukavuta upya, yeye akiwa amesimama begani kwangu, akisoma majina kwa sauti. Haikuwa imegeuka. Mtu wa kundi O akitiwa damu ya A, kinga ya mwili wake inaishambulia damu ile papo hapo, na anaweza kufa kabla chupa haijaisha. Nilikwenda uani nikakaa chini karibu na tangi la maji hadi kukapambazuka. Hakuna aliyenifokea. Nadhani ingekuwa afadhali.

Weka kibandiko cha redio kwenye usiku ule. Ningekibandika kwenye tyubu tupu vilevile, kwa haraka ileile. Simu ingelia kwa furaha, namba ingefika benki ya damu bila kupungua tarakimu, na uongo wangu ungesafiri salama salimini, salama kuliko ukweli wa wale tisa wa boti. Wale walipoteza jina njiani. Mimi nilikuwa nimelibadilisha kabla ya safari kuanza. Kibandiko kinatibu ugonjwa wa kwanza, na ukikitumia vibaya kinaufanya wa pili usionekane, kwa sababu hakuna anayekibishia kitu kilicholia «bip».

Kwa hiyo nikipewa nafasi ya kupanga, nitaanzia kitandani. Mgonjwa avae bangili yenye kibandiko chake. Damu ikishaingia ndani ya tyubu, simu iguse bangili, kisha iguse tyubu, ndani ya dakika moja, na programu ikatae chochote kinyume cha hapo: ikatae tyubu iliyosomwa kabla ya bangili, ikatae bangili mbili mfululizo bila tyubu katikati. Iwe na kichwa kigumu kama yule mama muuguzi. Haya mengine, boti na barafu na klorini, yatafuata yenyewe.

Na ndani ya chipu tuandike nini? Vyangu vina nafasi ya baiti 112, zinatosha jina, umri, kijiji na ugonjwa unaoshukiwa. Kishawishi ni kikubwa, hasa pale ambapo intaneti haipo: tyubu ingejitambulisha yenyewe bila kuuliza seva. Mimi nasema hapana. Simu inayosoma kwangu inasoma na kwa kijana aliyekaa karibu na glasieri kwenye boti. Tuliishi hapa wakati wa Ebola, tunajua jina likinong'onwa sokoni Virunga linafika nyumbani kabla ya jibu la labo. Na kuna vipimo vya UKIMWI humo. Chipu ibebe namba tu, na saa na mahali iliposomwa. Majina yabaki kwenye fishi na kwenye simu ya kituo, yakingoja mtandao urudi. Najua inaongeza kazi. Na iongeze.

Bei ni hadithi fupi. Vile vya ukoo wa mbali vikinunuliwa kwa maelfu ni senti chache za dola kimoja, vyangu ni zaidi ya hapo mara kadhaa, na vyote huchomwa moto pamoja na tyubu, havirudi. Karatasi itaendelea kuwa rahisi. Ila sijawahi kuona bajeti yoyote yenye mstari wa watu waliokataa kurudi kuchomwa mara ya pili.

Nilimwonyesha motari wetu vibandiko hivi wiki iliyopita. Tangu uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa mwisho wa Januari 2025 yeye na wenzake wa boti ndio ndege zetu, nikaona ni haki awe wa kwanza kuulizwa. Nikagusisha simu kwenye tyubu, namba ikatokea. Akaomba ajaribu mwenyewe. Akagusisha mara tatu, nne, akaangalia saa iliyoandikwa chini ya namba.

«Docta, hii kitu inaandika na saa yenye nilifika?»

«Inaandika. Bandarini unagusisha, inaandika. Hapa tunagusisha, inaandika tena.»

«Na saa yenye nilibisha ku mulango?»

Sikumwelewa. Akanieleza bila kuinua sauti. Jumanne ile ya vikaratasi alikuwa amefika saa tatu kasorobo. Mlango ulikuwa umefungwa, mwenye ufunguo hajaja, na mwenye ufunguo wiki ile nilikuwa mimi. Akabisha, akangoja. Aliketi ngazini na glasieri miguuni, jua likapanda, akaivulia koti lake akaifunika.

Nilimwambia ndiyo, kingeandika hata hiyo.

«Basi muziuze,» akasema, akavaa kofia yake, akawasha pikipiki.